Todd Gurley alilipwa kwa kuchelewa

Agosti 2025 klabu ya futiboli ya Kimarekani ya Los Angeles Rams ilimwongezea mkataba mkimbiaji wake, Kyren Williams: miaka mitatu, dola milioni 33, na milioni 23 kati ya hizo zina dhamana, yaani atalipwa hata akiachwa. Miezi mitano kabla yake Philadelphia Eagles walimpa Saquon Barkley nyongeza ya miaka miwili yenye thamani ya dola milioni 41.2, akawa mkimbiaji wa kwanza kuvuka dola milioni 20 kwa mwaka. Katikati ya hayo mawili, Las Vegas Raiders walitumia nafasi ya sita ya drafti, zoezi la kila mwaka ambamo klabu huchagua vijana kwa zamu, kumchukua Ashton Jeanty, kijana ambaye kazi yake ni kupokea mpira na kukimbia nao. Wafuatiliaji wengi wa mchezo huo wameyaunganisha matukio hayo wakapata hitimisho moja: wakimbiaji wamerudi, zama za kudharauliwa zimekwisha. Na kila hadithi hiyo inaposimuliwa, jina la Todd Gurley huchomekwa humo kama onyo la zamani. Huyu, wanasema, ndiye aliyelipwa pesa nyingi mno na Rams haohao mwaka 2018, goti likamwangusha, na wamiliki wa klabu wakaogopa kuwalipa wenzake kwa miaka kadhaa.

Mimi naisoma kazi ya Gurley tofauti kabisa. Hakulipwa kupita kiasi. Alilipwa kwa kuchelewa, na kuchelewa huko hakukuletwa na bahati mbaya wala uzembe wake. Kulikuwa kumeandikwa kwenye kanuni kabla hajamaliza sekondari. Nguvu zake bora zilitumika chuoni bila mshahara, zikatumika tena kwenye mkataba wa kwanza ambao hakuruhusiwa kuujadili, na pesa kubwa ilipofika mlangoni goti lilikuwa limeshaanza kuaga. Mikataba hii mipya, hata ikionekana minono, haijaugusa mpangilio huo.

Msomaji aliyekulia kwenye soka anahitaji kwanza kuiona kazi yenyewe. Mkimbiaji husimama nyuma ya kwotabeki, mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, hukabidhiwa mpira mkononi, kisha hulazimika kupenya kwenye mwanya unaofunguka na kufungika ndani ya sekunde moja, huku majitu yenye kilo 140 yakimwangukia kutoka mbele na pembeni. Karibu kila safari mwisho wake ni kugongwa na kulazwa chini. Gurley alifanya safari 1,460 katika misimu sita ya NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huu, mbali na pasi alizodaka, mbali na zile za chuoni ambazo hakuna klabu iliyowahi kumlipia. Ndiyo maana umri wa kazi hii huhesabiwa kwa idadi ya safari kuliko kwa miaka ya kuzaliwa. Golikipa anaweza kucheza hadi miaka 40; mkimbiaji akifika 28 watu huanza kumtazama anavyoinuka kutoka kwenye nyasi.

Gurley alizaliwa Baltimore mwaka 1994 na kukulia Tarboro, mji mdogo wa North Carolina. Mwaka 2012, akiwa na miaka 18 tu, aliingia Chuo Kikuu cha Georgia na msimu wake wa kwanza akakimbia yadi 1,385 na kufunga tachidauni 17 kwa mbio, yaani mabao ya kuufikisha mpira kwenye mstari wa goli. Angeweza kwenda kucheza kwa mshahara mwaka uliofuata? Hapana. Kanuni ya NFL inataka mchezaji awe ametimiza miaka mitatu tangu amalize sekondari. Kwa hiyo akaendelea kukimbia mbele ya watu zaidi ya 90,000 kila Jumamosi ya mechi ya nyumbani, chuo kikivuna viingilio na haki za televisheni, yeye akipata ada, chakula na malazi. Oktoba 2014 ikabainika kwamba ndani ya miaka miwili alikuwa amepokea zaidi ya dola 3,000 kwa kutia saini jezi na kumbukumbu nyingine. Saini yake mwenyewe, jina alilopewa na wazazi wake. Adhabu ikawa kukosa mechi nne na kufanya saa 40 za kazi za kujitolea. Alirudi uwanjani Novemba 15, 2014 dhidi ya Auburn, akakimbia yadi 138, na mechi ikielekea mwisho, Georgia wakiwa wameshaongoza kwa mbali, kano ya mbele ya goti lake la kushoto ikakatika.

Nalikazia jambo hili kwa sababu wanaosimulia habari za goti la Gurley huanza na mwaka 2018, kana kwamba lilizaliwa siku aliyosaini mkataba mnono. Goti lile liliumia kazini, kwenye kazi isiyo na mshahara, na likamfuata hadi kwenye kazi yenye mshahara. Gharama ya kwanza ilikuwa yake peke yake.

Rams, ambao wakati huo walikuwa bado St. Louis, walimchukua nafasi ya 10 katika drafti ya 2015 ingawa alikuwa hajapona kabisa. Hapa ndipo inapoingia kanuni ambayo mashabiki wengi hawaijui. Hadi mwaka 2010 kijana aliyechaguliwa juu aliweza kuvutana na klabu kuhusu mshahara. Sam Bradford, chaguo la kwanza la mwaka huo, alipata miaka sita kwa dola milioni 78, na milioni 50 zikiwa za uhakika. Mwaka mmoja baadaye makubaliano mapya kati ya wamiliki na chama cha wachezaji yakaweka viwango: kila nafasi ya drafti ina bei yake. Cam Newton, chaguo la kwanza la 2011, akapata miaka minne kwa dola milioni 22. Zaidi ya bei, wakaweka kufuli. Mchezaji wa drafti haruhusiwi kujadili mkataba mpya hadi amalize misimu mitatu, na kwa waliochaguliwa raundi ya kwanza klabu ina hiari ya kuongeza mwaka wa tano. Ukimaliza hiyo mitano, klabu bado inaweza kukuwekea kizuizi cha mwaka mmoja kwa bei inayokokotolewa na ligi, ukose nafasi ya kwenda kwingine. Linganisha na soka: Lamine Yamal alipowaka Barcelona, klabu ilimkalisha mezani na Mei 2025 akasaini hadi 2031 kabla hata hajatimiza miaka 18. Kijana wa NFL akiwaka msimu wa kwanza, anasubiri misimu miwili mingine, na kila wiki ya kusubiri anagongwa.

Makubaliano yale yaliidhinishwa mwanzoni mwa Agosti 2011, wiki ileile ambayo Gurley alitimiza miaka 17 huko Tarboro. Asiyekuwapo na lake halipo. Waliokuwapo mezani walikuwa wamiliki waliotaka kupunguza gharama za vijana, na wachezaji wakongwe waliojua kwamba kila dola inayokatwa kwa mgeni inabaki kwenye kikapu chao. Siwalaumu sana wakongwe, maana nao walikuwa na familia na magoti yao, lakini tusijifanye kwamba Gurley alikubaliana na mtu yeyote. Mkataba wake wa miaka minne ulikuwa na thamani ya takribani dola milioni 13.8, chini ya milioni 3.5 kwa mwaka.

Kwa pesa hiyo Rams walipata nini? Mwaka 2015 alikimbia yadi 1,106 akichaguliwa mshambuliaji bora chipukizi wa ligi. Mwaka 2016 timu ilihamia Los Angeles, ikashinda mechi nne tu, kocha Jeff Fisher akafukuzwa kabla msimu haujaisha, na Gurley akabaki na wastani wa yadi 3.2 kwa kila safari. Halafu akaja kocha mpya, Sean McVay, na mwaka 2017 Gurley akawa mtu mwingine: yadi 1,305 za kukimbia, yadi 788 za kudaka pasi, tachidauni 19, na tuzo ya mshambuliaji bora wa ligi nzima. Msimu ule, ulio bora kuliko yote aliyowahi kucheza, aliucheza kwa mshahara wa drafti. Julai 2018 ndipo Rams walipompa nyongeza ya miaka minne ya dola milioni 57.5, milioni 45 zikitangazwa kuwa na dhamana. Hakuna mkimbiaji aliyekuwa amewahi kuahidiwa kiasi hicho.

Kuna picha mbili ninazoziweka pamoja kila ninapomfikiria. Ya kwanza ni ya Oktoba 28, 2018, Los Angeles, dhidi ya Green Bay Packers. Rams wanaongoza 29 kwa 27, muda unayoyoma, wapinzani wamepoteza mpira. Gurley anapokea, anauvunja ukuta, mbele yake njia ni nyeupe hadi mstari wa goli. Angefunga, lakini kufunga kungewarudishia Packers mpira na kumpa kwotabeki wao, Aaron Rodgers, nafasi ya mwisho. Zikiwa zimebaki kama yadi nne, Gurley anapunguza mwendo, anautawala mwili wake wote unaokwenda kwa kasi, na anakubali kwenda chini. Saa inaisha, Rams wanashinda mechi ya nane mfululizo. Ana miaka 24. Mwili unaitii akili papo hapo.

Desemba ileile goti likaanza kuuma, akakosa mechi mbili za mwisho za msimu akiwa ameshafunga tachidauni 21, nyingi kuliko mtu yeyote kwenye ligi. Kwenye fainali ya ukanda huko New Orleans alipewa mpira mara nne tu. Usiku wa Super Bowl, fainali ya ligi, Februari 2019, nilikesha; mechi ilianza saa nane na nusu usiku kwa saa zetu, na nilikuwa nikiitafuta jezi namba 30 pembeni ya uwanja kila kamera ilipopita. Kocha alikuwa amesema ni mzima. Alikimbia mara 10 akapata yadi 35, Rams wakapoteza 13 kwa 3 mbele ya New England Patriots, na niliizima runinga nikijua kuna jambo hatukuambiwa. Mwezi mmoja baadaye zikatoka habari kwamba goti lile lina baridi yabisi. Msimu wa 2019 akakimbia yadi 857. Machi 19, 2020 Rams walimwacha, siku ambayo dola milioni 10.5 za mkataba wake zilikuwa zinageuka kuwa dhamana kamili.

Picha ya pili ni ya Oktoba 25, 2020, miaka miwili kasoro siku tatu. Sasa yuko Atlanta Falcons kwa mkataba wa mwaka mmoja ambao haukufika nusu ya wastani wa ule wa awali, ndani ya uwanja uleule alipopoteza Super Bowl. Falcons wako nyuma 16 kwa 14 dhidi ya Detroit Lions, imebaki dakika moja na sekunde chache. Hesabu ni ileile: usifunge, lala karibu na mstari, saa iishe, mpige teke la ushindi. Gurley anapenya, anaufikia mstari wa yadi moja, anajaribu kusimama, mwili unakataa kusimama, anaanguka na mpira unavuka mstari. Wachezaji wa Lions ndio wanaonyanyua mikono kushangilia tachidauni ya mpinzani wao. Wanarudishiwa mpira, kwotabeki wao Matthew Stafford anarusha pasi ya mwisho muda ukiwa umeisha, Lions wanashinda 23 kwa 22. Sisemi goti ndilo lililomwangusha pale. Mchezaji mzima naye huteleza. Ninachosema ni kwamba watu walimcheka siku ile bila kukumbuka kwamba yeye ndiye aliyewahi kuonyesha jambo hilohilo linavyofanywa. Msimu ulipokwisha, Januari 2021, hakucheza tena. Alikuwa na miaka 26, yadi 6,082 na tachidauni 79.

Wanaosema Rams walikosea kumlipa wana hoja moja nzito, nami sitaikwepa. Gurley alipoumia Desemba 2018, Rams waliokota mkimbiaji aliyekuwa ameachwa na klabu mbili msimu huohuo, C.J. Anderson. Mechi yake ya kwanza akapata yadi 167, ya pili 132, na kwenye mchujo dhidi ya Dallas Cowboys akapata 123 siku ambayo Gurley mwenyewe alipata 115. Kama mtu wa kuokota anafanya hivyo nyuma ya ukuta uleule wa wachezaji wa mbele, basi ukuta ndio wenye thamani, na mkimbiaji ni abiria. Ongeza msimu wa 2016, ambapo Gurley huyuhuyu nyuma ya timu mbovu hakufika popote. Ongeza pia kwamba Rams walitwaa ubingwa Februari 2022 bila yeye. Hoja hii ni ya kweli kwa kiasi kikubwa. Mkimbiaji humtegemea mwenzake kuliko karibu kila mchezaji mwingine uwanjani.

Lakini angalia inatupeleka wapi. Anderson naye, msimu uliofuata, alicheza mechi mbili Detroit na kazi yake ikaishia hapo. Urahisi wa kumpata mbadala hauonyeshi kwamba kazi haina thamani. Unaonyesha kwamba ligi ina vijana wengi ambao miili yao bado mibichi, na kanuni zinaiwezesha kuwatumia mmoja baada ya mwingine kwa bei ya mwanzo. Halafu kuna jambo ambalo Anderson hakulifanya: hakudaka yadi 788 za pasi, wala wapinzani hawakupanga ulinzi wao wote kumzuia yeye, kama walivyofanya kwa Gurley mwaka 2017 na kumwachia kwotabeki kijana Jared Goff uwanja wa kurusha. Mtu anaweza kuikubali hoja ya ukuta na bado akaona kwamba aliyebeba mzigo wa miaka mitatu ya mwanzo alistahili kulipwa katika miaka hiyo, kwa kazi hiyo, kabla klabu haijalazimika kubashiri goti la kesho.

Upande wa pili wapo wanaosema Barkley amemaliza mjadala. Na kweli, alichokifanya mwaka 2024 hakina mfano: yadi 2,005 katika msimu wa kawaida, nyingine 499 kwenye mchujo, akavunja rekodi ya jumla ya Terrell Davis ya mwaka 1998, na akabeba Super Bowl siku aliyotimiza miaka 28. Mkimbiaji mwingine, Derrick Henry, aliyekuwa na miaka 30, alikimbia 1,921 akiwa Baltimore. Klabu zilizokuwa zimejenga ulinzi wa wachezaji wepesi kwa ajili ya kuzuia pasi zilijikuta zinapondwa na mbio. Nakubali kabisa kwamba mbio zimerudi uwanjani. Ila Barkley alifikaje huko? New York Giants walimshika miaka mitano ya mkataba wa kwanza, wakamwekea kizuizi mwaka wa sita, na hakuwa na haki ya kuchagua mwajiri hadi Machi 2024, akiwa na miaka 27 na kano moja ya goti iliyowahi kukatika. Mmoja amevuka mto wenye mamba na sasa tunasema mto hauna mamba. Na yule Davis ambaye Barkley alimpita kwenye rekodi? Alipata yadi 2,008 mwaka 1998, akaumia goti kwenye mechi ya nne ya 1999, na kufikia 2002 alikuwa amestaafu.

Sasa tuje kwenye pesa zenyewe, maana hapa ndipo naona wengi wamepotoka. Kila klabu ya NFL ina kikomo cha mishahara, na kikomo hicho hupanda karibu kila mwaka. Mwaka 2018 kilikuwa dola milioni 177.2. Wastani wa nyongeza ya Gurley, milioni 14.4 kwa mwaka, ulikuwa takribani asilimia 8.1 ya kikomo. Mwaka 2025 kikomo kilifika milioni 279.2, na wastani wa Barkley wa milioni 20.6 ni takribani asilimia 7.4. Yaani mkimbiaji anayelipwa kuliko wote katika historia, bingwa, mwenye yadi 2,000, amepewa kipande kidogo cha keki kuliko alichopewa mtu tunayeambiwa alilipwa kupita kiasi. Kyren Williams, aliyeokotwa raundi ya tano mwaka 2022 na kuzoa zaidi ya yadi 1,100 katika kila mmoja wa misimu ya 2023 na 2024, amepewa na Rams haohao asilimia 4 hivi, nusu ya Gurley. Hata kizuizi kilishuka bei: Le'Veon Bell, mkimbiaji wa Pittsburgh Steelers, alikipata mwaka 2017 kwa dola milioni 12.1, Barkley na wenzake wakawekewa kwa milioni 10.1 mwaka 2023, ilhali kikomo kilikuwa kimepanda kutoka 167 hadi 224.8. Ukiona namba kubwa, iulize kwanza imekatwa kutoka kwenye mkate wa ukubwa gani.

Hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika zaidi, ni kwamba soko limeamua. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini chema hujiuza pale kinaporuhusiwa kufika gulioni. Kijana wa NFL hachagui timu, timu inamchagua. Hapangi bei; nafasi yake ya drafti imeshapanga. Hawezi kurudi mezani kwa misimu mitatu hata akiwa mchezaji bora wa ligi. Akigoma anatozwa faini za kila siku. Hilo ni duka lenye mnunuzi mmoja na bei iliyobandikwa ukutani, na wale wanaoliita soko wangeligomea siku ya kwanza kama lingekuwa linapanga mishahara yao. Tunajua hali ilikuwaje kanuni zilipokuwa zimelegea kidogo. Mwaka 1993 Emmitt Smith wa Dallas, mkataba wake wa kwanza ukiwa umekwisha baada ya miaka mitatu, alikataa kucheza hadi alipwe. Cowboys wakapoteza mechi mbili za mwanzo, mmiliki akampa dola milioni 13.6 kwa miaka minne, na Januari iliyofuata Smith akawa mchezaji bora wa Super Bowl. Alikuwa na miaka 24. Bell alipojaribu kugoma mwaka 2018, alisamehe dola milioni 14.5, akakaa nje msimu mzima, na Steelers hawakutetereka vya kutosha kubadili mawazo.

Kuhusu wale wanaosema Gurley ni milionea na hahitaji huruma ya mtu, jibu ni fupi. Haki haipimwi kwa ukubwa wa tumbo la anayeidai, na wengi wanaopita njia hii hawafiki mkataba wa pili kabisa.

Kitu kimoja kimebadilika kweli, nacho kinastahili kusemwa. Tangu Julai 2021 mwanamichezo wa chuo anaruhusiwa kupata pesa kwa jina na sura yake, na tangu Julai 1, 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Lile kosa lililomgharimu Gurley mechi nne leo ni biashara halali. Mlango wa kwanza umefunguliwa, lakini ulifunguliwa na mahakama na sheria za majimbo; hakuna mwenye ligi aliyeamka asubuhi na huruma. Mlango wa pili, wa mkataba wa kwanza, na wa tatu, wa kizuizi, bado imefungwa, na makubaliano ya sasa kati ya wamiliki na chama yanadumu hadi msimu wa 2030. Julai 2023 wakimbiaji wakubwa, akiwemo Barkley, Henry, Nick Chubb na Christian McCaffrey, walikutana kwa simu ya video kutafuta la kufanya. Waliachana wakiwa na malalamiko yaleyale, kwa kuwa ndani ya chama wao ni wachache, na wenzao wa nafasi nyingine hawaoni sababu ya kupunguziwa ili wao waongezewe.

Kwa mtazamo wangu, kuwatengenezea wakimbiaji kanuni yao peke yao ni kutafuta ugomvi ambao hawatashinda. Kinachowezekana ni kufupisha kufuli kwa wote: mchezaji yeyote wa drafti aruhusiwe kujadili upya baada ya misimu miwili, na ule mwaka wa tano ufutwe au uwe wa hiari ya pande zote mbili. Kwotabeki atafaidika, mdaka pasi atafaidika, kwa hiyo kura zitapatikana. Na mkimbiaji, ambaye saa yake inakwenda kasi kuliko ya wote, atafaidika zaidi. Kwa kanuni kama hiyo Gurley angekaa mezani Januari 2017. Pengine asingepata kitu baada ya ule msimu mbaya wa 2016, na hapo ndipo klabu nazo zingepata haki yao: zingelipa kilichoonekana. Lakini angekuwa na haki ya kurudi Januari 2018 bila kusubiri ridhaa, na klabu ambayo haikutaka kulipia goti lenye historia ingelazimika kusema hivyo mapema, yeye akiwa bado na mahali pengine pa kwenda.

Jeanty aliingia Las Vegas baada ya kukimbia mara 374 katika msimu mmoja wa chuo cha Boise State, akapata yadi 2,601, pungufu ya rekodi ya vyuo ya Barry Sanders kwa 27 tu. Kwa kuwa alichaguliwa juu, bei yake ya ukutani ni nzuri: takribani dola milioni 36 kwa miaka minne, zote za uhakika. Kanuni zinamruhusu kujadili mkataba mpya msimu wake wa tatu ukimalizika, Januari 2028. Atakuwa na miaka 24, umri aliokuwa nao Gurley siku ile dhidi ya Packers, alipopunguza mwendo mbele ya goli na miguu yake ikamtii.